Kiingereza cha Muhidini

Kadiri walivyomtukana, ndivyo mzungu alivyozidi kutabasamu.

Walikuwa wamemfunga kwa kamba ya ukindu kwenye mguu wa dungu la kulindia mpunga, kando ya mto Rufiji. Vijana waliokunywa dawa ya maji walimkuta asubuhi akihangaika peke yake kwenye matete, hana bunduki wala mpagazi. Ulikuwa mwaka wa vita, pamba ya Wadachi wa boma la Mohoro inaungua mashambani, na kwa Mzee Mwinjuma, mkuu wa vijana hao, Mdachi akikamatwa haulizwi hata jina.

Lakini huyu alijipiga kifua akatamka neno lililoeleweka: "Inglishi."

Mwingereza hakuwa na ugomvi na mtu wa Rufiji. Ndipo Mwinjuma, bingwa wa utani tangu ujana, akaanza na kipimo chake mwenyewe. Alimwambia mzungu kwamba pua yake ni upembo wa kuangulia maembe. Alimwambia masharubu yake ni mkia wa ngedere aliyetoka mtoni. Akamalizia kwamba mama yake alimuuza kwa kibuyu cha togwa, na togwa lenyewe limechacha. Mzungu aliinamisha kichwa kama anayeshukuru.

"Mdachi anakijua Kiswahili, angeshawaka," alisema Mwinjuma. "Mtu akitukaniwa mama akacheka, ni mawili: hajui lugha, au ni mtani."

Watu wakaangua kicheko. Mtani mweupe, wamtoe wapi?

Kikabaki kipimo cha pili, na hapo ndipo jina la Muhidini lilipotajwa. Muhidini akatamani mto ufurike umchukue.

Alikuwa mwalimu wa Kiingereza wa Kibiti nzima, kwa kujiteua. Aliwahi kuosha vyungu kwa bibi mmoja wa Kiingereza huko Unguja, akarudi na kanzu moja na kitenzi kimoja: "get". Asili yake, aliwafundisha vijana barazani, ni jikoni. Bibi akimwambia mpishi "get", sahani inaletwa. Akimwambia mbwa, mbwa anatoka. Akimwambia mumewe alfajiri, mume anaamka. Basi ni kuleta, ni kutoka, ni kuamka, ni kupata, na mgonjwa akipona nako ni hukohuko. Kiingereza, alisema Muhidini, ni kitenzi kimoja. Yaliyobaki ni makelele ya kukipambia. Kwa elimu hiyo alikula ubwabwa wa mbele kwenye kila harusi.

"Sema naye," Mwinjuma alimwambia, ameegemea mkuki. "Mkisikilizana, ni Mwingereza, aende zake. Msiposikilizana, mmoja wenu ni mwongo, na mwaka huu mwongo ni mpelelezi. Sitahangaika kujua ni yupi. Nitachimba shimo moja."

Mkewe Muhidini, jina lake Sikujua, alisogea mbele apate kuona vizuri. Akamnong'oneza mumewe kwamba kama ni shimo, basi kanzu aivue kwanza, bado inafaa.

Muhidini akamsogelea mzungu.

"Get?"

Mzungu akamtazama. Akamtazama tena, kuanzia miguuni mpaka usoni. Kitu kikapita machoni mwake, kama mtu aliyeona njia katikati ya matete.

"Get," akajibu taratibu.

"Get, get get?"

"Get get. Get." Na kwa kidevu akaonyesha upande wa baharini.

Roho ya Muhidini ikarudi mahali pake. Ama kweli Waingereza ni watu. Sentensi moja tu ya Kiingereza cha kweli ingemzika, naye bwana wa watu ameinama mpaka kwenye kimo chake, kama mtu mzima anayezungumza na mtoto. Akawageukia wenzake kwa kifua mbele, akatafsiri: huyu ni mnunuzi wa magogo ya mikoko, meli yake imetia nanga huko delta, ana mke anayeumwa mguu, na anawaombea ushindi.

Mwinjuma alikunja uso. "Yote hayo kwa neno moja?"

"Ndiyo utamu wa lugha ile, mzee. Haina matumizi mabaya."

Kamba ikafunguliwa. Mzungu akapewa muhogo wa kuchoma na mtumbwi. Na wa kumpeleka ni nani, kama si yule anayesikilizana naye?

Mtumbwi ukashuka na maji. Kila walipofika panda ya mto, mzungu alinyoosha kidole bila kusita, na Muhidini akafuata. Hofu ilipomtoka, ulimi ukamrudi. Alipiga kafi huku akiuongelesha mgongo wa mzungu kwa Kiswahili, kama mchungaji na ng'ombe wake. Alimshukuru yeye na pua yake ya upembo. Akakiri kwamba Kiingereza chake chote ni kile kitenzi, na kimekwishia palepale kwenye dungu. Akamcheka Mwinjuma anayejidai mjanja, kumbe hata magobore anayotishia watu hayana baruti tangu wiki iliyopita.

Mzungu hakugeuka. Mabega tu ndiyo yalitikisika kidogo.

Walipoingia kwenye mkono wa mto wenye mikoko, pale kidole kilipoelekeza, hapakuwa na meli. Palikuwa na mashua. Askari wenye tarbushi wakasimama wima ndani yake, wote kwa pamoja, mikono kwenye paji la uso.

Mzungu alipanda, akageuka, akamnyooshea Muhidini mkono.

"Nami neno la Kiingereza nalijua hilohilo moja tu, mtani wangu," alisema, kwa Kiswahili cha Mohoro kisicho na doa. "Panda. Ile habari ya baruti utanimalizia bomani."