Nungunungu Aliyeziba Chungu

Zamani wanyama walipolimiana mashamba kwa pombe, Nungunungu alipika chungu cha pombe ya mtama ili wenzake waje kumlimia kabla ya mvua. Asubuhi alikuta povu limeshuka. Miiba ikamsimama, akamwendea Komba, jirani yake mpenda pombe.

"Umeonja, wewe!"

"Sijagusa, jirani. Chachu ikishakula utamu, povu hushuka. Kifunike kwa jani la mgomba tu, kipate kupumua."

"Chungu kipumue? Mlevi wewe, wataka niache mlango wazi!"

Nungunungu akaziba mdomo wa chungu kwa udongo, akaweka jiwe juu, akatega sikio. Ndani kukasikika mnong'ono. "Ndiye huyo mwizi, yumo ndani," akawaza, akaongeza jiwe la pili.

Wenzake walipowasili na majembe, chungu kikapasuka kwa kishindo. Vumbi likainywa pombe yote. Wageni wakatazamana, wakaondoka na majembe yao mabegani.

Akabaki Komba peke yake. Akaokota kigae, akakinusa kwa majonzi.

"Ilikuwa imeiva, jirani. Haya, tukalime."

Nungunungu akalitazama jembe la Komba kwa jicho la pembeni.

"Na huko shambani kwangu," akauliza, "unatafuta nini?"