Maji ya Mtani

Asubuhi hiyo Baba Siti alivuka njia na ndoo ya maji kichwani, jezi ya Yanga mwilini, akiimba kwa sauti ya kuudhi.

Ndiyo ilikuwa desturi yake na jirani yake Mujibu, shabiki wa Simba, tangu ujana. Timu ya mmoja ikifungwa, mwenzake humpelekea maji ya kunawia machozi. Na hapa Kitangari maji ni ya shida, si kitu cha kuchezea.

Mara ya mwisho Simba waliposhinda, Mujibu alikuja na ndoo yake. Baba Siti, kwa hasira, alijifungia ndani.

"Fungua basi, bwana, maji mazito haya!"

Hakufungua. Tangu siku hiyo walikuwa hawajasalimiana, lakini leo utani ungemaliza yote.

"Mujibu! Toka unawe, jana mmekandwa!"

Mlango ukafunguka. Akatoka mke wa Mujibu, macho yamevimba. Wimbo ukakatika. Maji yakacheza ndooni, yakamteremkia Baba Siti shingoni, yakalowesha jezi.

"Ametutoka alfajiri, shemeji."

Kisha akanyoosha mikono, akamtua ile ndoo.

"Afadhali umeleta. Hata ya kumwoshea hatukuwa nayo."