Maman Précieuse Mbele ya Mlima Aso

Maman Précieuse alikataa kushuka kwenye basi.

"Muende tu. Mimi naujua mulima wa moto," alisema. "Wa kwetu Goma ulikula nyumba yangu pamoja na mabati."

Sisi wastaafu wa mtaa wa Koekelberg tulikuwa tumejipangia wenyewe safari hii ya kisiwa cha Kyushu, bila wakala, na tangu Brussels nilikuwa nikiwaahidi wenzangu kwamba nitawakaangia mayai juu ya Mlima Aso. Sasa shimo lenyewe lilikuwa mbele yetu. Moshi mweupe ulitoka, mkubwa kuliko basilika ya mtaa wetu, ukaendelea kutoka, kama vile kuna basilika nyingine mia chini zinangoja zamu. Ardhi ilinguruma mpaka kwenye magoti. Nilitafuta uongo wa kuongeza, nikakosa.

Nilipogeuka, Maman Précieuse alikuwa ameshuka. Alisimama kando ya njia, kiatu kimoja mkononi.

Alikanyaga jiwe jeusi kwa unyayo mtupu, polepole, kama watu wa Goma walivyoijaribu lava baada ya mlipuko, walipoivuka kwenda kutafuta nyumba zao. Kovu liling'aa kutoka kisigino mpaka vidoleni.

"Bon," alisema. "Hili limepoa."

"Maman, nikurudishe kwenye basi?"

"Kurudi wapi, papa? Shika kiatu."

Akavua na cha pili. Akapita katikati yetu mpaka kwenye ukuta wa mwisho, ukingoni mwa shimo, akajifunga kitenge vizuri kama anayeingia kwa wakwe.

"Bonjour, papa," akauambia mlima. "Miye ni wa Goma. Ule wa kwetu, ni ndugu yako mukubwa ao mudogo?"