Chumba cha Uani

Mafua makali yalipoanza kulaza watu mjini, Raya aliweka ndoo ya maji na sabuni mlangoni, akawaomba watu wote wa nyumbani wanawe mikono kabla ya kuingia. Akatandika na kitanda katika chumba cha uani, kwa yeyote atakayeugua.

Mama mkwe wake, Bi Mize, aliipita ndoo ile kama anayepita jalala.

"Huyu mke wa mwanangu anatuona sote uchafu," aliwaambia mashoga zake, akiwapa mkono mmoja mmoja kwa makusudi, Raya akimtazama.

Asubuhi moja Bi Mize aliamka mwili unamchemka, kifua kinambana. Mjukuu wake, Ilham, akamkimbilia kama kawaida yake, mikono wazi.

"Simama hapo hapo!"

Mtoto akaduwaa. Bi Mize akajiziba mdomo kwa upindo wa kanga, akamgeukia Raya, ambaye tangu mafua yaanze alijifunga kitambaa puani na mdomoni.

"Nipe hicho kitambaa chako cha puani. Na usinicheke."

Raya hakuwa anacheka.

Bi Mize akajipeleka mwenyewe chumba cha uani, akatia komeo. Baadaye akamsikia Ilham nje ya mlango.

"Bibi, utatoka lini?"

Bi Mize alikohoa mpaka machozi yakamtoka.

"Muulize mama yako," akasema. "Si ndiye ajuaye kila kitu?"

Nyayo za Raya zikaja, zikasimama mlangoni. Kikombe cha uji kikawekwa sakafuni, na Ilham akamuuliza. Bi Mize akatega sikio, akilingoja jibu.