Bluu Isiyochuja

Babu yake alikuwa mtia rangi wa vitambaa. Baba yake, mtia rangi. Mzee mwenyewe, mtia rangi hadi uzeeni. Watu wanyofu, na bluu yao haikuwahi kuchuja. Kila pipa jipya lilianza kazi baada ya mkubwa wa ukoo kulitia kidole cha shahada na kuliombea dua. Vidole vya mzee vilikuwa vya bluu tangu ujana. Hakuna sabuni iliyoviweza.

Siku hiyo aliketi katika maabara ya mjukuu wake, mkemia aliyekuwa akiunda betri za kuchaji kwa rangi ile ile ya ukoo badala ya madini. Jambo moja lilikuwa limemkondesha: kila mara rangi iliyeyukia katika kimiminika cha betri, na betri ikafa. Safari hii aliiunganisha iwe minyororo mirefu, polima, akaipaka juu ya kibati na kukilaza katika bilauri ya kimiminika hicho, kiangavu kama maji. Kikibaki kiangavu, kazi itaendelea. Kikiingia rangi, maabara itafungwa leo.

"Babu, nakwenda kuwapokea wakaguzi. Tafadhali usiguse kitu."

"Kwani mimi mtoto mchanga, bibi wee?"

"Leo wewe ndiye mjukuu wangu."

Aliporudi nao, mzee alikuwa ndiyo kwanza amemaliza dua. Kimiminika kilikuwa cha bluu.

Mkaguzi mkuu aliiinamia bilauri, akatikisa kichwa. "Dada, tumekuvumilia vya kutosha. Imeyeyuka tena. Fungasha."

"Sasa hivi kilikuwa safi! Nawaapia! Nipeni siku moja tu!"

Wakaguzi walianza kuzima mitambo, mmoja baada ya mwingine. Mjukuu akaketi sakafuni, akaukumbatia mguu wa meza, akalia bila kujificha.

Mzee alisimama wima, aibu ya ukoo mzima ikimchoma.

"Umefanya pupa! Bluu hii haikuchuja kwa babu yangu, haikuchuja kwa baba yangu, haikuchuja mikononi mwangu. Ninyi vijana mna masikio ya mapambo. Inua uso, unisikilize!"

Akamnyooshea kidole cha shahada, kama alivyozoea kumwonya tangu utotoni.

Mjukuu akainua uso. Vidole vingine vya mkono ule vilikuwa vya bluu. Hicho kilikuwa kimetakata hadi kiungo cha kwanza.