Goti la Mzee Mwinyimadi

Mzee Mwinyimadi alilitundika goti lake dirishani, jua la asubuhi likapita ndani yake, na wageni wote barazani wakanyoosha shingo kutazama.

"Hilo hapo," alisema. "Mifupa inasagana yenyewe kwa yenyewe. Nani ataniambia tena nikalime?"

Aliyekuwa akimwambia ni mkewe, Bi Mwanamvua. Masika yalikuwa yamekaribia, shamba la mpunga bondeni halijaguswa, na mwanamke wa watu alikuwa akilalamika kwamba magoti yanamuua. Mzee alicheka. Mwenye haki ya kuumwa ni yeye, aliyebeba risasi gotini tangu vita vya Mjerumani! Kwamba vitani alikuwa mpagazi tu, na kwamba risasi yenyewe iliingilia nyuma, hayo hakupenda kuyaeleza. Mwisho akaapa mbele ya Kisarawe nzima: waende Dar es Salaam wote wawili, kwenye ile mashine mpya ya eksirei inayopiga picha mifupa ya mtu akiwa hai. Mwenye goti bovu atakaa nyumbani, mwenye goti zima atashika jembe.

Picha alikwenda kuzichukua peke yake. Karani alipotaka kumwonyesha ipi ni ya nani, alimkata kauli. Mtu na akili zake asijue goti lake?

Na kweli hakupata shida. Moja ilikuwa na mifupa iliyolika, imeota miba kandokando. Nyingine ilikuwa safi, ila doa moja jeupe. Alilisugua kwa kanzu, likakataa kutoka. Wazungu nao, kazi zao! Hiyo akampa mkewe.

"Na ile risasi yako iko wapi, Mzee?" aliuliza jirani yake, Isihaka, akisogelea dirisha.

"Hii hapa." Mzee aligusa mwiba mmoja. "Imekaa miaka ishirini, imeota mizizi."

Wageni waliguna kwa huruma. Mmoja akamsogezea mto. Bi Mwanamvua akatoka ndani na sinia la kahawa, akichechemea, mwendo ambao mumewe siku zote aliuita maringo. Mzee akamwonyesha jembe pembeni ya mlango.

"Kiapo ni kiapo, Mama Tatu. Goti lako zima, serikali yenyewe imesema."

Bi Mwanamvua aliweka sinia chini taratibu, mkono mmoja ukishika nguzo. Akaichomoa picha yake chini ya mkeka, akaisimamisha dirishani kando ya ile nyingine. Doa likang'aa katikati ya goti, jeupe pe, lina tumbo na ncha.

"Sawa, mume wangu, nitakwenda kulima," alisema. "Ila niambie kwanza, mbele ya wageni wako: mimi Mjerumani alinipiga risasi lini?"