Mashine ya Arobaini na Moja

"Imebaki moja," fundi wa kompyuta alisema, amelala chali chini ya meza, ameshika waya kama anayemfuata nyoka shimoni.

Mashine arobaini za ofisi zilikuwa zimeshahamia kundi jipya la mfumo wa kuhifadhi nakala. Kundi ndilo lenye sheria: nakala za kazi za mashine zitunzwe miaka mingapi, zifutwe lini. Kundi la zamani lingefutwa saa kumi kamili jioni, na nakala zake zote. Bosi alishatamka: ikibaki hata mashine moja, fundi naye atafute kazi kwingine.

Na utaratibu wa ofisi hauna mjomba wala shangazi: bila sahihi ya mwenyewe kwenye fomu, mashine haihami.

"Hii ni ya nani?"

"Ya Mzee Takwimu," alijibu Mama Masijala, mtunza mafaili. "Alistaafu miaka kumi na moja iliyopita. Alikuwa hapendi kelele huyo! Ukipiga chafya, anahama chumba. Hata sherehe ya kumuaga hakuja. Keki tulikula wenyewe."

"Sasa Mama, mtu kastaafu, mashine inaleta nakala mpya kila siku? Leo asubuhi imeleta kurasa tatu."

"Basi ina bidii kukushinda, mwanangu."

Saa tisa na nusu. Waya ulipita nyuma ya kabati la chai, ukazama ukutani. Fundi akagonga. Ukuta ukalia kama debe tupu.

"Huu ulijengwa lini?"

"Mwaka huohuo aliostaafu mzee. Na hilo kabati angalia, lina panya. Biskuti hazikai. Tena panya mwenye adabu zake, akimaliza anafunga kopo."

Fundi alikuwa hasikii tena. Alikwenda stoo, akarudi na nyundo.

"Nikiikuta namsainia mimi."

"Ughushi sahihi ya mzee wa watu? Bora ukose kazi!"

"Mama, nina watoto watatu."

Mama Masijala akashika fomu, akasogea pembeni.

Saa kumi kasoro dakika tano. Pigo la saba, tofali likaangukia ndani. Vumbi likatimka. Humo gizani mashine ilikuwa inavuma taratibu. Mama Masijala akapiga chafya.

Mkono ukachomoza tunduni, umeshika kalamu.

"Leteni hiyo fomu," sauti ikasema. "Halafu mnirudishie tofali langu."